Sprinti ya usanifu inapokwama ndani ya kampuni ya ushauri: dalili, chanzo na la kufanya

Mwezeshaji anayeingia kwenye kampuni ya ushauri hukutana na kundi gumu la namna yake: watu wanaolipwa kwa kuzungumza vizuri. Wanajua kuendesha warsha, wanajua kuuliza maswali, wengine wameshasimamia sprinti za wateja wao, yaani zile wiki ambamo timu ndogo huanza na tatizo na kumaliza na kielelezo kilichojaribiwa na watumiaji. Halafu siku wanapokaa kupanga chombo chao wenyewe cha kidijitali, wiki nzima inayeyuka katika maongezi matamu yasiyoacha kitu ukutani.

Mwongozo huu usome mambo yakishaanza kwenda mrama, au usiku wa kuamkia siku unayoihofia. Ratiba ninayoizungumzia ni ile ya siku tano aliyoianzisha Jake Knapp alipokuwa Google mwaka 2010 na kuinoa baadaye akiwa Google Ventures, tawi lake la uwekezaji: Jumatatu ramani na lengo, Jumanne michoro, Jumatano uamuzi, Alhamisi prototaipu (kielelezo cha chombo kinachoonekana kama halisi), Ijumaa kuijaribu kwa watu watano. Shika jambo moja kabla hatujaanza: dalili huwa haijitokezi siku ugonjwa ulipoingia. Ukiona mvutano Jumatano, chimba Jumatatu. Ijumaa ikikosa wageni, kosa lilifanyika kabla hata hujanunua kalamu.

Dalili: kila mtu ana chombo chake kichwani

Kabla ya wiki kuanza, muulize kila mshiriki peke yake chombo hicho kitafanya nini. Nikipata majibu matano kwa watu watano, sifungui hata pakiti ya vikaratasi vya kunata. Mara nyingi utasikia kitu kama "jukwaa la kidijitali la kuimarisha uhusiano na wateja". Fungua furushi hilo utakuta vyombo vinne: mfumo wa kujaza saa za kazi, maktaba ya kazi zilizopita, dodoso la mteja kujipima mwenyewe kabla hajatafuta mshauri, na ukurasa wa kufuatilia mradi unaoendelea. Kila kimoja kina mtumiaji wake na maumivu yake. Vyote vinne havitoshi kwenye wiki moja.

Chanzo karibu kila mara ni kwamba jibu limetangulia swali. Mkubwa mmoja kaona chombo cha mshindani, akarudi na amri kwamba na sisi tuwe nacho.

Cha kufanya: wadai sentensi moja yenye vitu vitatu, yaani nani, yuko katikati ya shughuli gani, na leo anajikwamuaje bila chombo hiki. "Mchambuzi mdogo, saa tatu usiku, anatafuta andiko la zabuni tuliloshinda mwaka jana, leo anawapigia simu wenzake watatu na kufungua mafolda kumi na moja." Hilo linafanyiwa sprinti. "Wafanyakazi watabadilishana maarifa kwa ufanisi" halifanyiwi, hata likipambwa vipi. Likikosekana tatizo la namna ya kwanza, ahirisha.

Na kuna matatizo yasiyohitaji sprinti kabisa. Mfumo wa kujaza saa za kazi upo sokoni tele, nunua. Kama shida ni kwamba faili zote zinaitwa "toleo la mwisho 3 jipya", kinachotakiwa ni mtu wa kuzipanga. Kusema hivyo huenda kukakupotezea kazi ya wiki nzima. Sema tu.

Dalili: mwamuzi anaingia na kutoka

Sprinti inahitaji mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Kwenye kampuni ya ushauri mtu huyo ni mbia, na mbia ana mteja anayepiga simu. Jumatatu atakuja kwa nusu saa, atatoa hotuba nzuri, ataondoka. Jumatano atarudi na kusema, "Mbona mmeelekea huku?"

Msimlaumu haraka. Katika biashara ambamo saa ndiyo bidhaa, kila saa anayokaa chumbani ni saa asiyomtoza mteja. Basi zungumza naye kwa lugha hiyohiyo. Watu saba, saa sita kwa siku, siku tano: saa 210. Zidisha kwa bei ya saa wanayotoza, iandike kwenye karatasi, msogezee. Kisha muulize kama yuko tayari kuwekeza kiasi hicho katika uamuzi ambao yeye mwenyewe hatakuwepo kuufanya. Sijawahi kuona hoja nyingine inayofanya kazi upesi kama hiyo.

Akishindwa kabisa kukaa wiki nzima, mambo matatu hayana mjadala: Jumatatu mchana wakati wa kuchagua lengo, Jumatano wakati wa kupiga kura, na Ijumaa angalau kwa mahojiano mawili. Muda mwingine amteue naibu, na uteuzi huo autangaze mwenyewe mbele ya wote: "Akisema ndiyo, mimi nimesema ndiyo." Naibu aliyeteuliwa kwa kunong'onezwa hana nguvu, Jumatano atakuambia kwamba hilo atalipeleka kwenye kamati.

Wakiwa wabia wawili wenye hadhi sawa, mafahali wawili na zizi moja, msichague katikati. Mmoja awe mwamuzi kwa wiki hii, mwingine awe mtaalamu anayehojiwa Jumatatu. Wakikataa kuamua nani ni nani, umeshajua sprinti hiyo itaishaje.

Dalili: Jumatatu ramani ina visanduku arobaini

Washauri wanapenda michoro ya michakato. Ukiwapa ubao mweupe watakuchorea kampuni nzima, mpaka idara ya malipo. Ramani ya sprinti ni nyembamba: wahusika upande wa kushoto, mwisho wa safari upande wa kulia, na katikati hatua tano hadi kumi na tano. Shika kalamu wewe mwenyewe. Ukimwachia mshauri kalamu ya ubao, hutaiona tena hadi saa ya chakula.

Dalili ndogo inayoambatana na hii: wataalamu mnaowahoji mchana wanakuja na slaidi. Zuia mapema. Mtu aje mikono mitupu, aangalie ramani, aseme mmekosea wapi, huku wengine wakiandika kimya vikaratasi vinavyoanza na "Tunawezaje". Slaidi huwafanya wasikilizaji wakae kama wajumbe wa bodi. Ramani yenye kosa huwafanya wasimame.

Dalili: Jumanne michoro haina picha

Unapita nyuma ya viti unakuta aya, vishale, na ile jedwali ya miraba minne ambayo kila mshauri huizaa akipewa karatasi tupu. Hakuna skrini hata moja, hakuna mtu anayebonyeza kitu.

Kuna vyanzo viwili na dawa zake hazifanani. Cha kwanza ni aibu. Mtu aliyezoea kuonekana mahiri hataki kuonyesha mchoro wa mtoto wa chekechea. Huyu muonyeshe mchoro wako, na uwe mbaya kweli: mraba ni skrini, mstari wa mawimbi ni maandishi, mviringo wenye fimbo ni mtu. Cha pili ni kwamba hajui anachokichora, maana lengo la Jumatatu lilikuwa la jumla mno. Huyo hata ukimfundisha kuchora hatafika popote. Rudi naye kwenye ramani, muulize: mtumiaji yupo hatua gani, na kitu cha kwanza anachokiona ni kipi?

Usiruke zoezi la mikunjo minane: karatasi inakunjwa mara tatu kupata vyumba vinane, dakika nane, wazo moja linachorwa kwa namna nane. Washauri hulalamika kwamba ni la kitoto, kisha kwenye chumba cha tano au cha sita, yale mawazo waliyokuja nayo yakishaisha, ndipo wanaanza kufikiri.

Na mtu akipendekeza kwamba badala ya kuchora kila mmoja kivyake "tujadiliane kwanza kama timu", kataa kwa upole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilipima jambo hili mwaka 1958: watu waliofanya kazi peke yao, mawazo yao yakijumlishwa baadaye, walitoa mawazo mengi zaidi, na bora zaidi, kuliko idadi hiyohiyo ya watu waliokaa kundi moja. Kwa watu wanaojua kusema, tofauti hiyo nadhani ni kubwa zaidi, kwa sababu anayeanza kusema ndiye anayewachorea wengine barabara.

Dalili: Jumatano kura zote zimeenda sehemu moja

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana kosa hili huonekana kama mafanikio.

Nakumbuka Jumatano moja. Michoro sita imebandikwa ukutani bila majina, kila mtu ameshika ukanda wa nukta za kunata, chumba kimya. Nukta tatu za kwanza zikatua kwenye mchoro wa pili kutoka kushoto. Zilizofuata nazo zikaenda hapohapo. Baada ya dakika sita mchoro ule ulikuwa umetapakaa surua, na watu wameanza kutabasamu: tumekubaliana! Nikausogelea. Ulikuwa umechorwa kwa wino wa bluu iliyokolea, wa kalamu ile ya kujazwa wino, na chumbani alikuwepo mtu mmoja tu mwenye kalamu ya namna hiyo. Alikuwa mbia mkuu.

Lililonishtua zaidi ni mahali nukta zilipobandikwa. Zote zilikuwa juu, kwenye kichwa cha mchoro, au pembeni kwenye karatasi tupu. Hakuna hata moja iliyotua kwenye kitufe au sentensi fulani ndani ya skrini. Nilipouliza wamependa nini, wakasema "ni wa kimkakati" na "una upana". Mtu aliyependa kitu huweka kidole juu yake. Asiyekipenda hutafuta kivumishi.

Tukaanza upya kwa uhakiki wa haraka. Dakika tatu kwa kila mchoro. Mwezeshaji ndiye anayesimulia anachokiona, wengine wanataja sehemu zilizowavutia na mashaka yao, mchoraji ananyamaza hadi mwisho. Tulipofika mchoro wa tano, wenye nukta moja tu, nikasoma kwa sauti: mteja yuko kwenye kiti cha ukumbini anasubiri kikao, anajibu maswali saba kwenye simu, kikao kinapoanza mshauri tayari ana majibu mkononi. Kulikuwa na kimya cha aina nyingine. Mbia alipopewa kura zake tatu za mwamuzi, mbili alizibandika hapo.

Basi kagua mambo haya: kalamu zifanane, karatasi zifanane, maandishi yawe ya herufi kubwa ili mwandiko usimtaje mtu, na mwamuzi aweke nukta zake wengine wakishamaliza. Ukiona nukta zimekaa pembezoni, usihesabu.

Kinyume chake ni hali ambayo hakuna anayetaka mchoro wowote ushindwe. "Tuunganishe mazuri ya kila mmoja." Hiyo ni adabu imevaa koti la uamuzi. Ukiwaacha, Alhamisi mtajenga kitu chenye vichupo tisa. Waulize kama michoro miwili ya juu inaweza kuishi skrini moja bila kugombana. Ikiwezekana, sawa. Kama haiwezekani, tengenezeni prototaipu mbili zenye majina tofauti na wageni wa Ijumaa waone zote. Iliyobaki iingie kwenye orodha ya baadaye.

Alasiri mnachora mtiririko wa hadithi, yaani safari ya mtumiaji ndani ya prototaipu, chumba kwa chumba; ukizidi vyumba kumi na tano, kata. Na chumba cha kwanza kisiwe skrini ya kuingia. Kiwe mahali mtumiaji anapokutana na chombo kwa mara ya kwanza: barua pepe kutoka kwa mshauri wake, pengine, au kiungo chini ya ankara. Washauri husahau kipande hiki kwa sababu wao wamezoea kuletwa mlangoni na uhusiano.

Dalili: Alhamisi wawili wanajenga, watano wanasoma barua pepe

Kazi haikugawanywa, basi. Mpe kila mtu jukumu kabla ya saa nne: wajenzi, mwandishi wa maneno yote, mkusanyaji wa picha na vielelezo, mshonaji anayehakikisha vipande vinafanana, na mhoji anayeandaa maswali ya kesho. Mhoji asijenge, akijenga ataanza kukipenda.

Udhaifu wa Jumanne hugeuka kipaji siku hii. Watu hawa wanaijua programu ya slaidi kuliko wasanifu wengi wanavyoijua programu yao. Waache wajenge humo, wawekee viungo kati ya slaidi, na kufikia saa tisa mchana mtakuwa na kitu kinachofanana na chombo halisi. Akitokea mtu wa teknolojia anayesema anaweza kuandika msimbo wa kweli kufikia jioni, mshukuru na umpe kazi nyingine.

Jambo la kuangalia kwa macho mawili ni takwimu. Kuna mtu atafungua Excel ya mteja wa zamani "ili ionekane halisi". Simamisha hapohapo. Huenda mgeni wa kesho anatoka kwenye biashara inayoshindana na mteja huyo, na akitambua tarakimu moja tu, kampuni imepoteza wateja wawili kwa siku moja. Bunini kampuni, bunini namba. Lakini namba zijumlike! Mkurugenzi wa fedha akiona jumla isiyolingana, hataona kitu kingine; dakika zake kumi zitaishia hapo.

Saa tisa fanyeni jaribio la mwanzo hadi mwisho, mwamuzi akiwepo. Saa kumi na moja ni kuchelewa.

Dalili: Ijumaa kila mgeni anasifu

Angalia kwanza nani amewaalika. Wageni waliopigiwa simu na mbia ni marafiki wa mbia, na rafiki hawezi kukuambia mbele ya kikombe cha chai kwamba hakuelewa. Mialiko itoke mapema, siku kumi hivi kabla, kwa watu waliochujwa kwa maswali machache, na asiyejulikana na yeyote chumbani ni bora kuliko anayejulikana.

Kisha msikilize mhoji. Mshauri akimhoji mteja, mkono wa biashara unamwasha. Mgeni anasita kwenye skrini ya pili, badala ya kunyamaza, mhoji anaeleza: "Hapa kimsingi tunakupa fursa ya..." Imekwisha. Mmepoteza sekunde zile kumi mlizozifanyia kazi siku nne. Mpe mhoji karatasi yenye sentensi tatu tu za kutumia wakati wa kimya: "Unafikiria nini?", "Ulitarajia nini kitokee?", na "Endelea."

Katika jaribio moja tulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani chenye maneno "Anza uchunguzi". Sisi tulimaanisha mteja aanze kuipima biashara yake. Mgeni wa kwanza, mama mwenye kampuni ya usafirishaji, akapeleka kidole mpaka karibu kabisa na kitufe, kikaelea hapo, kisha akakirudisha. Mhoji, Mungu ambariki, akanyamaza. Mama akauliza, "Uchunguzi wa nini? Nani ananichunguza?" Mgeni wa tatu naye akasita palepale. Katika siku nne hakuna hata mmoja wetu aliyelisikia neno lile kama linavyosikika kwa mtu aliyewahi kutembelewa na wakaguzi.

Watano wanatosha? Kwa kugundua mahali watu wanapojikwaa, ndiyo, karibu. Hesabu waliyoiandika Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa urahisi wa kutumia programu, mwaka 1993 inasema kwamba kama mtumiaji mmoja hufichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo ya matumizi, watano watafichua takriban asilimia 85. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba watumiaji ni wa kundi moja. Ukichanganya wateja watatu na wachambuzi wenu wawili, hujajaribu watano; umejaribu watatu na wawili. Na haikuambii kama watu watakilipia chombo. Mshauri atataka kuandika "asilimia 80 ya watumiaji walipendezwa" kwa maana ya wanne kati ya watano. Mfute.

Dalili: sprinti imekwenda vizuri, kisha kimya

Wiki mbili baadaye unauliza habari, unaambiwa ripoti inaandaliwa. Slaidi sitini. Hapo kampuni imerudi kwenye maji yake ya zamani: imegeuza kilichoonekana kuwa maneno tena.

Zuia Ijumaa hiyohiyo, kabla watu hawajabeba mabegi. Kwenye ubao muwe na jedwali la wageni watano na sehemu za prototaipu, kila chumba kikiwa na kilichoonekana. Mwamuzi aseme moja kati ya matatu: tunaendelea, tunarekebisha na kujaribu tena, au tunaacha. Jina la mtu na tarehe vikae pembeni. Kuacha ni jibu halali kabisa, na kwa saa 210 ni bei rahisi ukilinganisha na mwaka wa kujenga.

Kwa wabia ambao hawakuwepo, usipeleke ripoti. Kama wageni waliridhia kurekodiwa na kuonyeshwa ndani ya kampuni, kata kipande cha dakika moja na nusu. Mimi nilipeleka kile cha yule mama: kidole kinasogea, kinaelea juu ya kijani, kinarudi. Waliomba nirudishe nyuma wakitazame tena, na kabla hakijaisha mara ya pili mmoja wao alikuwa ameshika kalamu anatafuta neno lingine la kitufe.